Zamu ya Taaka

Msinicheke nikianza na gemu ya kompyuta. Uchawi wa siku hizi haupandi ungo tena, unachomekwa kwenye umeme.

Edwin Ojiambo alikuwa wakala wa forodha pale Malaba, na kazi ya wakala, ukitaka ukweli, ni kungoja. Malori yamepangana hadi macho yachoke, karatasi zimekwenda kukaguliwa, wewe umekaa tu na chai iliyopoa. Ndipo akaingia kwenye gemu moja ya kujenga taifa. Unaanza na vibanda vitatu na moto. Zamu yako unacheza, zamu ya jirani naye anacheza, mpaka mfike kwenye reli na umeme. Kinachochelewa ni elimu. Ufinyanzi peke yake zamu kumi na mbili! Edwin subira hiyo angeitoa wapi? Yote ilikuwa imeishia kwenye foleni ya malori.

Lakini njia ya mkato ilikuwepo. Mji wako ukiwa na shule, unapata mtaalamu. Unampa jina. Ukitaka, unamtoa: elimu inaingia palepale, na yeye anapotea kwenye ramani.

Edwin akawapa majina ya watu aliowaheshimu. Wa kwanza Apendi, mfinyanzi wa Mwello aliyewauzia mitungi tangu yeye hajaota meno. Wa pili Ofwono, mwalimu wake wa darasa la pili. Wa tatu Taaka, mama yake mzazi, mkunga wa Lumino. Sasa, kwao nyumbani alilelewa akijua kwamba mtoto hupewa jina lililoachwa na marehemu. Jina la mtu anayepumua hulitoi kwa mwingine. Ni sawa na kumwambia mwenyewe aondoke. Edwin alilijua hilo vizuri kabisa. Ila hii si gemu tu, bwana?

Akamtoa Apendi, ufinyanzi ukaingia. Akamtoa Ofwono, maandishi yakaingia. "Mambo si hayo!" akasema, akapiga meza.

Jumamosi akapita Mwello kumchukulia mama yake mtungi. Alimkuta Apendi ameketi mbele ya lundo la udongo mbichi, vidole vyake visafi. Hata salamu hakuitikia.

"Edwin," alinong'ona, "hii tope wananiletea ya nini?"

Uzee, Edwin akajiambia. Uzee nao una siku yake ya kubisha hodi. Lakini barabarani akamwona Mwalimu Ofwono kwenye kibaraza cha duka, gazeti mkononi, juu chini. Mzee alikuwa analia.

"Nisomee jina langu, kijana. Wamelificha wapi?"

Edwin aliogopa, jamani, aliogopa hata mtungi akausahau. Kwenye ramani Taaka alikuwa bado amesimama, anangoja kutolewa. Na kule Lumino mke wake, Lillian, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Walikuwa wamekubaliana kwamba uchungu ukimwahi kabla ya kufika kituo cha afya, mikono ya Taaka ipo. Mikono hiyo ilikuwa imepokea nusu ya Lumino.

Jumatatu asubuhi akafungua kompyuta yake ofisini aifute ile gemu. Kidole kikasita. Akifuta taifa, si atamfuta na aliyemo ndani? Hakujua. Akaiacha ikiwaka, akatoka nje ampigie mama yake.

"Mama, uko salama?"

"Salama, mwanangu. Lillian ameshikwa na uchungu, mtoto anakuja mbio, kituoni hatufiki. Usiogope. Mimi niko ha..."

Simu haikukatika. Edwin alisikia pumzi za mama yake. Nyuma yake, Lillian alikuwa akilia.

"Mama?"

"Huyu mwanamke," mama akanong'ona. "Analia nini?"

Edwin akakimbia ndani. Nasrudin, wakala mwenzake wa meza ya pili, alikuwa amekalia kiti chake, meno yote nje.

"Nimekusaidia, ndugu yangu. Wewe unasimamisha mtu bure vile? Nimetoa yule mama. Tiba imeingia!"

Edwin alidandia bodaboda ya kwanza kuelekea Lumino.

Lillian alikuwa hai. Mtoto alikuwa hai, wa kike. Lillian mwenyewe ndiye aliyejikokota kuuchukua wembe, akafunga kitovu kwa uzi wa shuka, akakata. Taaka alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akiangalia.

"Nilimwita," Lillian alisema. "Nilimwita, Edwin. Aliniuliza mimi ni nani."

Kompyuta Edwin aliitumbukiza kwenye choo cha shimo, akaimwagia majivu debe zima.

Mtoto hakupewa jina. Lillian aliuliza, majirani wakauliza, Edwin akakataa katakata. Jina lolote lilimtia baridi. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa jina ukabaki mtupu miezi mitatu.

Siku ya chanjo akaitoa kadi sandukuni. Mstari ulikuwa umejazwa. Wino ulikuwa haujakauka. Edwin aliujua mwandiko ule: herufi nene, zimesimama wima, zile zile alizozinakili kutoka ubaoni darasa la pili. Na Mwalimu Ofwono, hadi wiki ile, alikuwa hajui hata kushika kalamu.

Na jina lililoandikwa lilikuwa Taaka.

Akatoka nje, kadi mkononi. Mama yake alikuwa uani, kwenye kigoda, anaota jua, amempa mgongo. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka, hatua chache kutoka pale.

Maishani mwake Edwin hakuwahi kumwita mama yake kwa jina. Siku hiyo alimwita.

"Taaka," alinong'ona.

Mama hakugeuka.

Kwenye mkeka, mtoto akageuza shingo, akamtazama Edwin.