Mkunjo wa Vidole Viwili

Kila siku baada ya shule Adija alivua sare, akanywa maji, akaingia katika karakana ya mama yake katika mtaa wa Hewa Bora. Karakana yenyewe ilikuwa ua wenye kibanda cha mabati na cherehani moja kubwa nyeusi, yenye kelele za kuwafanya majirani wazungumze kwa kupayuka. Mama huyo, Mama Fatouma, hakushona nguo. Alishona maturubai ya malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa, kazi aliyoirithi kwa baba yake, fundi mwenye asili ya Maniema. Hakukuwa na dereva aliyethubutu kumwambia kwamba mwanamke haiwezi kazi ile, au labda alithubutu mara moja tu.

Katika karakana hiyo kulikuwa na sheria moja kubwa: turubai halipepei. Turubai linalopigapiga njiani hujichana lenyewe kabla ya kufika mpakani. Kwa hiyo Mama Fatouma akimaliza kazi alilipiga kofi, akasikiliza. Sauti isipokuwa kavu alifumua na kuanza upya, hata kama dereva amesimama pale akitazama saa. Adija alikuwa na miaka kumi na miwili, na kofi lile alilijua kuliko jedwali la hesabu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, vumbi likiwa limetanda mji mzima, aliingia Monsieur Hénoc, mwalimu wa mazoezi ya mwili shuleni kwa Adija. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alikimbia nao badala ya kukaa kivulini na filimbi. Siku hiyo alibeba begani kitu kirefu kilichoviringishwa kama mkeka.

“Bonjour, Mama Fatouma. Niko na kazi ya ajabu kidogo.”

“Monsieur, miye nilisha kushona mpaka hema ya harusi. Onyesha.”

Alikikunjua uani. Lilikuwa tanga, si la mtumbwi, bali lile la kufungwa juu ya ubao ambao mtu husimama wima na kukimbizwa na upepo juu ya maji. Alilinunua kwa injinia mmoja aliyerudi kwao, na kila Jumamosi alilipeleka kwenye ziwa la Kipopo, nje ya mji. Aliingiza mlingoti aliokuja nao ndani ya mfuko wa tanga, akavuta kamba ya chini kwa nguvu zote, na tanga likasimama, rangi ya chungwa, refu kuliko kibanda.

“Zile za mashindano ziko na bintu bya plastique ndani, bya kushika mlingoti,” alieleza. “Zinakimbia sana, lakini ziko nzito, na kuzigeuza ni taabu. Hii haina vile bintu. Iko na hizi fito tu. Inaenda mbio muzuri, na inageuka na mukono moja. Miye sitafuti coupe ya ushindi, ninatafuta kupumuzika samedi.”

Kilichomleta kilikuwa mpasuko katika kidirisha cha plastiki angavu katikati ya tanga. Mama Fatouma aliupima kwa kidole, akamwambia arudi kesho jioni. Monsieur Hénoc akaliacha tanga limesimama dhidi ya ukuta, akamwonyesha Adija jinsi ya kulishusha na kuliviringisha, akaenda zake.

Mama aliziba mpasuko siku hiyohiyo. Lakini Adija alikuwa ameona jambo jingine. Kule juu, ukingo wa nyuma wa tanga ulikuwa umelegea. Kila upepo ulipopita, ulipiga: pa-pa-pa, pa-pa-pa. Aliona aibu kana kwamba mgeni ameingia karakana yao na shati limetoka nje ya suruali.

Ijumaa mchana Mama alikwenda Naviundu kwenye kilio cha jirani wa zamani, akamwachia Adija kazi ya kuliviringisha tanga. Adija akalipiga kofi. Sauti yake ilikuwa laini, mbovu kabisa. Akafikiri, Mama atafurahi, Monsieur atashangaa, na mimi nitasema, ah, ni kitu kidogo tu. Akalilaza, akakunja ukingo ule wa juu kwa upana wa vidole viwili, akaushona kufuata mshono wa zamani, safi, hata jicho la fundi lingepita bila kusimama. Alipolisimamisha tena na kuvuta kamba, tanga lilikaza mpaka kileleni. Alipiga kofi, likaitikia kavu. Akaliviringisha huku akiimba.

Monsieur Hénoc alifika saa kumi na moja, Mama naye akiwa amerudi. Mwalimu alikunjua sehemu ya kidirisha tu, akasifu kiraka, kisha akauliza jambo lililomfanya Adija aache kuimba kichwani.

“Na huku juu hamukukaza, si vile? Bantu benye hawajue banafikiri ni kasoro. Ile kulegea ndiyo pumzi yake. Upepo mukali ukikuja, inafunguka, inauacha upite. Isipofunguka, upepo unanirusha kama gunia.”

“Tulifunga palipopasuka tu,” alisema Mama. “Si vile, Adija?”

Hapo ndipo yangetosha maneno matatu. Lakini mama yake alikuwa anamtazama kwa fahari, na mwalimu alikuwa anatabasamu.

“Ndiyo, Mama. Kingine hapana.”

“Merci, ma fille,” alisema Monsieur Hénoc. Akaliweka tanga begani na kutoka.

Tangu mlango ule ulipofungwa, Adija hakuwa peke yake tena. Nguo za jirani zilipepea kwenye kamba, na shati moja likainua mikono yote miwili kama mtu anayeomba aonekane. Mfuko wa plastiki ulionasa ukutani ulipiga pa-pa-pa, na kila kitu kilicholegea katika mtaa ule kilionekana kinapumua, isipokuwa kile kimoja alichokiziba yeye. Alipoinama kwenye beseni anawe, aliona uso chini ya maji ukimtazama. Ulikuwa wake mwenyewe, lakini alirudi nyuma akamwaga maji yote. Bukari, ugali wao wa jioni, hakuugusa. Mama alimshika paji la uso, akasema hana homa, akamwambia alale mapema.

Asubuhi aliingia karakana na kusimama mlangoni, ameganda. Sakafuni palikuwa na alama za nyayo zenye maji. Zilianzia mlangoni, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani, zikakoma. Adija alipiga yowe.

“Iko nini?” Mama alitokea nyuma ya kibanda, miguu mitupu, ndoo mkononi. Alikuwa amenyunyiza maji sakafuni kutuliza vumbi, kama afanyavyo kila Jumamosi. “Mutoto, unaniogopa miye?”

Adija akalia. Akasema yote, mkunjo, mshono, na lile jibu la uongo, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Mama Fatouma hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimtisha zaidi. Aliiweka ndoo chini, akampigia mwalimu simu. Iliita bila kupokelewa. Akapiga tena. Saa ilikuwa tatu kasorobo.

“Alisha kwenda. Vaa viatu.”

Jirani yao Papa Zakari, mfanyabiashara wa sabuni, alikuwa anapakia kigari chake cha mizigo. Mama alimwambia maneno mawili tu, naye akashusha katoni zake na kuwasha gari. Upepo ulikuwa umeamka mapema na mkali, ukisukuma vumbi jekundu mbele ya gari, na Adija aliomba Mungu autulize. Haukutulia.

Kipopo, nyuma ya matete, waliliona tanga la rangi ya chungwa likiwa mbali katikati ya maji. Lilikuwa linakimbia wima, limekaza kuanzia chini mpaka kileleni, bila hata kulegea kidogo. Lilipendeza. Adija aliitazama kazi yake nzuri akatamani kuichana kwa meno.

“Monsieur Hénoc!” Mama aliita, lakini upepo ulilirudisha jina lake nyuma.

Kisha doa jeusi likapita juu ya maji, upepo mkali uliokuja kwa ghafla. Tanga halikufunguka. Lilisita, likainamia mbele lote kwa pamoja, na mwalimu akarushwa kutoka juu ya ubao wake kama gunia, sawasawa na alivyosema mwenyewe. Tanga likaanguka na kulala gorofa juu ya maji, likamfunika.

Palikuwa na ubao na tanga, na mtu hakuonekana. Adija alihesabu bila kujua kwamba anahesabu. Tano. Nane. Kumi na moja. Alihisi maji yakimwingia puani ingawa alikuwa nchi kavu. Wavuvi wawili waliokuwa karibu walianza kupiga kasia. Ndipo mkono mmoja ukatokea ukingoni mwa tanga, kisha kichwa, na kikohozi kikasikika mpaka kwenye matete.

Wavuvi walimleta. Bega lake la kushoto lilikuwa limeteguka na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mama alimfunika kitenge chake. Mara hii Adija hakungoja kuulizwa.

“Ni miye, Monsieur. Nilikaza kule juu. Jana nilidanganya.”

Monsieur Hénoc alimtazama. Hakutabasamu.

“Mukanda wangu wa kujishikiza ulinasa mu kamba, chini ya tanga,” alisema polepole. “Nilipofunga tanga asubuhi, niliona kule juu haifunguki. Niliiona na macho yangu. Nikajisema: Hénoc, umevuta kamba vibaya, sababu mutoto alisema hawakugusa. Nikaamini weye, nikaacha kuamini macho yangu.”

Papa Zakari alimshika mwalimu mkono, akamwongoza mpaka kwenye gari, tanga likapakiwa nyuma, wakampeleka kituo cha afya.

Mchana ule Mama Fatouma alilitandaza tanga mezani na kumpa Adija wembe. Adija alifumua mkunjo wake uzi kwa uzi. Alipomaliza, Mama aliuinua ukingo ule juani. Mwanga ulipita katika vitundu vingi vidogo, mstari mzima.

“Sikia, mwanangu,” alisema Mama, na sauti yake ilikuwa ya uchovu kuliko ya hasira. “Kukosea, unakosea. Hata miye niliisha kukata vibaya bâche, turubai ya muntu, mara mbili nikiwa na umri wako. Ungesema jana, tungefumua, na yeye angengoja samedi ingine. Kosa lako peke yake halingemufanya kintu. Ile jibu ndiyo ilimupeleka mu maji. Fundi akisema sikugusa, muntu anaweka maisha yake juu ya ile neno.”

“Nitafanya nini sasa, Mama?”

“Utaziba. Na yeye atakuja, na utamwambia yote uligusa.”

Kwa siku sita Adija aliziba. Alikata vipande vya kitambaa kama cha tanga, akavigandisha, akavishona kwa mkono, polepole, na mara mbili Mama alimrudisha mwanzo. Usiku alilala, ingawa siku mbili za kwanza aliota maji. Mjini alipoona nguo zikipepea alisimama kidogo, akaziangalia, akaendelea na safari yake.

Ijumaa iliyofuata Monsieur Hénoc alikuja, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alimsalimu Mama kwa heshima, lakini tanga hakumwuliza yeye. Alimgeukia Adija.

“Mumegusa nini?”

Mama yake alitazama pembeni kwa makusudi.

“Kidirisha, Mama aliziba,” alisema. “Huku juu nilifumua mukunjo wote. Nimeweka viraka saba. Cha tatu kiko kibaya kidogo, kimepinda. Na hapa mwisho kabisa kumebaki kitundu kimoja. Sikuweza kukifikia, sababu fito iko karibu. Hakionekane, lakini kiko.”

Mwalimu alitafuta kwa kidole gumba. Alitafuta sana, akakikosa, ikabidi Adija amshike mkono na kumwonyesha. Alikigusa kitundu kile kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akainama, akaliviringisha tanga kwa mkono mmoja ulio mzima, akaliweka begani.

“Bega langu likipona,” alimwambia Adija, “nitaenda nayo Kipopo.”