Kirungu cha Makongolosi

Mara ya kwanza Goodness alipogeuka ghafla kushoto na kugonga mlango wa jiko, mama yake alidhani mtoto anachezacheza. Esnath alimwambia aangalie anakokwenda, akaendelea kumenya ndizi zake. Chumba cha pili mumewe, Asukile, alikuwa amekaa mbele ya mashine yake ya gemu akijaribu mkono wa kuongozea, swichi zikilia ta, ta, ta. Nani angeunganisha mambo hayo mawili?

Mashine ile Asukile aliijenga mwenyewe pale nyumbani kwao Iyunga, kwa mbao za kabati bovu na televisheni ya zamani. Kazi yake ilikuwa ufundi simu, ila roho yake ilikuwa kwenye ule mkono, na mkewe alishamtania kwamba laiti angemshika yeye kwa uangalifu ule. Springi alibadilisha na kubadilisha. Hii imelegea kama mlenda, ile inaumiza kiganja. Swichi ndogo za chini aliagiza Dar, zile zinazoitika ukizigusa tu. Kilichobaki kumkera ni kirungu cha juu, kile kibonge anachokamata mchezaji. Cha plastiki kilimteleza.

Ndipo alipokuja kaka yake, Anyelwisye, mchimbaji dhahabu wa Makongolosi, na kirungu cha mti mweusi kilichochongwa kutoka kwenye gogo lililokuwa likizuia kuta za shimo la zamani.

"Nilikumbuka tulivyokuwa tukigombania mkono kwenye banda la gemu pale Mwanjelwa," Anyelwisye alisema. "Nikaona hiki ni chako, mdogo wangu."

Kwao, kitu cha kaka mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili na hakiulizwi kilikotoka. Asukile alichuchumaa kidogo, akapokea, akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa. Anyelwisye akamnyanyua Goodness, mtoto pekee wa nyumba ile, akamkumbatia muda mrefu huku machozi yakimlengalenga. Chai hakuimaliza. Mtu mzima akilia pasipo msiba ni wa kuulizwa, lakini adabu nayo ina hasara zake.

Jioni ileile Asukile alikifunga kirungu kwenye mkono, na baada ya siku chache Goodness akaanza kujigonga milangoni na nyumba ikaanza kunuka udongo mbichi na baruti. Esnath alifagia, akadeki, akafungua madirisha yote na baridi ya Juni ikaingia, lakini harufu haikutoka.

Jumamosi moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda, Asukile alikuwa akicheza huku dirishani akimwona Goodness anaosha vyombo uani. Alisukuma mkono mbele. Goodness akainuka, akapiga hatua mbele, sahani ikimdondoka. Asukile akavuta nyuma. Mtoto akarudi kinyumenyume, macho wazi, uso umepooza. Asukile aliachia mkono kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

Mkono haukutulia.

Ulilala wenyewe kulia, ta, kisha mbele, ta, kisha mbele tena, na nje mtoto aligeuka kulia akaenda mbele, akapita geti, akashika njia ya kwenda barabara kuu ambako malori ya kwenda Tunduma yalikuwa yakiunguruma ndani ya ukungu, na Asukile alipokimbia nyuma yake bila viatu aliisikia ile ta, ta, ikimfuata sikioni kana kwamba mashine imewekwa begani mwake, na harufu ya baruti ikamjaa puani mpaka akashindwa hata kuita jina la mwanawe. Alimdaka ukingoni mwa lami. Goodness alikuwa akitetemeka, miguu bado inatembea hewani.

"Baba," alinong'ona, "kuna mtu ananishika shingo."

Walikifungua kirungu kutoka kwenye mkono. Kikaviringika mezani chenyewe kuelekea upande wa barabara. Asukile alikipiga nyundo moja tu, na Goodness alipiga yowe akishika bega. Alipovuliwa blauzi, bega lilikuwa limevilia damu. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba mpaka sauti zikakauka. Wakati wa maombi mtoto alitulia vizuri. Walipotoka tu, alisimama na kuelekea mlangoni.

"Mfunge na kanga kiunoni, mshikilie," Asukile alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Mimi nakwenda kwa kaka. Aliyekileta ndiye ajuaye kinavyorudi."

Alifika Makongolosi mchana. Anyelwisye alikuwa amekaa nje ya nyumba mpya ya tofali. Alipoona mfuko mkononi mwa mdogo wake aliificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, na hapo Asukile akajua. Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yao alipokufa.

"Ulikuwa unajua, kaka."

"Sarah alikuwa anatembea hivyohivyo," Anyelwisye alisema, bila kumtazama. Sarah ni binti yake. "Kila siku kuelekea shimoni. Kirungu nilipewa na mganga ili shimo litoe dhahabu. Likatoa. Halafu jini aliyemo ndani yake akataka mtoto."

"Ukatuletea sisi."

"Mganga alisema hahamii kwa mtoto yeyote tu. Anahamia kwa yule unayempenda kama wako wa kumzaa, na moyo anaupima mwenyewe. Nilijaribu kwa mtoto wa jirani, hakuhama. Nikajaribu kwa mtoto wa shemeji, hakuhama." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Asukile, niliyempenda kiasi hicho alikuwa Goodness peke yake."

Asukile alihisi afadhali angetukanwa.

"Basi kitarudi," alisema. "Sarah naye ni mwanangu."

Ilikuwa kweli. Alimbeba akiwa mchanga, alikesha naye hospitali alipougua homa ya uti wa mgongo, na likizo zote mtoto alizimalizia kwake Iyunga. Sarah alitoka ndani wakati huohuo, amenenepa, mzima wa afya.

"Shikamoo, baba mdogo. Goodness hajambo?"

Asukile alichukua viganja vya mtoto, akaweka kirungu juu yake, akangoja. Anyelwisye hakumzuia. Hakuinuka hata kwenye kiti. Asukile alimtazama yule mtoto usoni, akautafuta moyoni ule upendo wa miaka yote, akautafuta kwa nguvu kama mtu anayepapasa gizani, na alichokiona ni mashavu yaliyonona kwa damu ya mwanawe. Kirungu kilikaa kimya kidogo. Kisha kikaviringika kutoka viganjani mwa Sarah, kikaanguka miguuni pa Asukile.

"Nilijua hakitarudi," Anyelwisye alisema taratibu. "Ukishajua nilichokufanyia, huwezi kumpenda tena."

Simu ya Asukile ilianza kuita mfukoni. Aliyepiga alikuwa Esnath, aliyekuwa ameachwa akimshikilia Goodness.