Pampu Iliyomeza Sauti ya Bibi

Kila jioni, kabla ya kuanza kazi za shule, Sabina alimpeleka Bibi Nyamburi bafuni. Bibi alikuwa amepooza mkono na mguu wa kushoto, lakini hakukubali kuogeshwa.

"Nilikuwaga naoga ziwani peke yangu," alisema. "Wewe niwekee kiti, ukae nje. Nikikwama nitakuita."

Nyumba yao ya Bweri ilikuwa mpya, na tangi lilikaa chini mno. Maji ya bomba la mvua yalidondoka kidogo kidogo. Ndipo Mugeta, baba yake Sabina, akanunua pampu kubwa huko Bunda alikokuwa akifanya kazi, akaifunga kwenye ukuta wa bafu. Maji yakatoka kwa nguvu, ila pampu ilinguruma kama mashine ya kusaga. Siku ile ile Sabina alitambua kwamba akikaa mlangoni hasikii lolote la ndani. Alitaka kusema, lakini alipomwona baba anavyojivunia pampu yake, akanyamaza.

Jumamosi moja alikaa mlangoni kama kawaida. Akasubiri. Povu la sabuni lilipita kwenye mfereji, likakoma, maji yakaendelea kutiririka.

"Bibi! Umemaliza?"

Hakusikia jibu. Aliita tena, pampu ikameza hata sauti yake mwenyewe. Akakimbilia swichi, akaizima.

Ndipo akasikia sauti nyembamba, iliyokauka: "Sabina... Sabina..."

Akasukuma mlango. Kiti kilikuwa kimepinduka, na Bibi alilala ubavu sakafuni akitetemeka kwa baridi. Sabina akamfunika kanga, akapiga kelele, "Mama! Njoo!"

Kwenye zahanati muuguzi alimkagua Bibi kwa muda mrefu, huku Sabina, mama, na baba aliyekuja mbio kutoka Bunda, wakimtazama usoni. Hatimaye akasema, "Hajavunjika. Ameumia nyama tu."

Sabina akaangua kilio. "Baba, nilijua tangu siku ya kwanza kwamba pampu inaziba sauti. Niliogopa kukuudhi."

Baba aliinamisha kichwa. "Jumatatu ukitoka shule, tutakwenda mjini pamoja."

Dukani Musoma, muuzaji, Stanslaus, aliwaonyesha pampu moja inayong'aa. "Chukua hii, mzee. Haina kelele kabisa."

Baba akamtazama Sabina. Binti akamgeukia muuzaji. "Samahani, mjomba, tunaomba uiwashe ikiwa na maji."

Stanslaus akakunja uso, lakini akaleta ndoo. Pampu ikanguruma. Ya pili ikawa afadhali kidogo tu. Ya tatu, ndogo kuliko zote, ilivuma taratibu. Sabina akaenda nyuma ya rafu, akaita kwa sauti ya chini, kama ya mgonjwa: "Baba..."

Baba akageuka. "Nimekusikia! Tunachukua hiyo."

Fundi aliiweka juu ya mpira mzito, mbali na ukuta. Bibi alipopata nafuu na kurudi kuoga, Sabina na baba walikaa nje wakisikiliza.

"Mwanangu," baba alisema, "mimi nilitafuta nguvu, sikufikiri nani ataitumia. Nawe ulidhani kunyamaza ndiyo heshima. Mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, tena mapema. Ukweli uliocheleweshwa ungeweza kuniondolea mama yangu."

"Na mimi nawasikia huko!" Bibi aliita kutoka ndani. "Acheni kunisema, nileteeni taulo."