Anataka Taulo Tu

Kengele ya bafuni kwa akina Nikaido ililia saa kumi na mbili kasoro robo jioni, na bafuni hakukuwa na mtu.

Nahoko, mkamwana wa nyumba ile, alikuwa jikoni akikatakata figili. Ukutani juu ya sinki kuna kile kidude ambacho siku hizi kila nyumba ya mtaa wetu inacho. Ukikibonyeza, hodhi la kuogea linajaa maji ya moto lenyewe, kisha sauti ya mwanamke inasema kwa adabu, "Maji yako tayari." Bafuni nako kuna kitufe chekundu. Ukizidiwa ndani ya maji unakibonyeza, jikoni kunalia, mtu anakuja kukutoa.

Nahoko akaweka kisu, akaenda kutazama. Sakafu ilikuwa kavu na hodhi limefunikwa. Lakini mle ndani kulinukia yuzu, yale malimau madogo tunayoyatia yaelee kwenye maji ya kuogea siku ile fupi kuliko zote ya majira ya baridi, ili mwaka upite bila maradhi. Siku hiyo ilikuwa bado mbali, na hakuna aliyekuwa amenunua yuzu.

Mkwewe, mzee Tokuji, alikuwa sebuleni akitazama mieleka, miguu ameichimbia chini ya blanketi la ile meza fupi yenye hita. Alisema nyaya zimeingia unyevu, aitwe fundi. Fundi akaja, akafungua, akafunga, akasema kifaa ni kizima. Kesho yake saa ile ile kikalia tena.

Mimi nakaa mkabala nao. Kati ya dirisha langu la jikoni na lao la bafuni haipiti hata baiskeli, kwa hiyo kengele yao naisikia kama yangu. Mtaa mzima unaniita Mama Okuyama. Mtu mmoja tu aliniita Kayo, jina langu la utotoni, naye ni Mitsue, mke wa Tokuji. Alikufa kwenye hodhi lile lile majira ya baridi yaliyopita, siku ya yuzu.

Hasira yangu ndipo ilipo, na sitaificha. Kwetu maji ya hodhi ni mamoja kwa nyumba nzima. Unajisugua nje kwanza, ndipo unaingia kuketi kwenye joto. Nyumba nyingine sasa huingia yeyote aliye tayari. Kwa Tokuji, yeye ndiye wa kwanza, kisha mwanawe Shigeki, na Mitsue ndiye wa mwisho, miaka arobaini na minne, maji yakiwa yamepoa na nywele za wanaume zinaelea. Kisha hapo hapo ainame asugue hodhi. Na mume wake hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita "We!" Alipokufa, zamu hiyo ya mwisho ikarithiwa na Nahoko, na hakuna aliyeona ajabu.

Desemba ilipoingia, mambo yakazidi. Harufu ya yuzu ikatoka bafuni ikaingia kwenye mchele, kwenye mito ya kulalia, hata kwenye ubani uliofukizwa mbele ya picha ya marehemu. Kila jioni, kengele ikishanyamaza, nyayo mbichi za mtu mfupi zilionekana kwenye ubao wa ukumbi, zikitoka bafuni, zikipita jikoni, zikiishia nyuma ya mto anaokalia mzee Tokuji, na hapo hazikurudi. Nahoko alizifuta kwa kitambaa. Maji yake yalikuwa ya vuguvugu.

Jioni ya tatu ya kufuta nyayo, alibaki amepiga magoti palepale na kitambaa mkononi. Aliyoyasikia alikuja kunisimulia mwenyewe.

"Baba," alisema, "siku ile Mama alipofariki mimi nilikuwa zamu dukani. Kengele ililia?"

Mzee hakutoa macho kwenye televisheni. Shigeki akamtazama baba yake, na huko kutazama kulitosha.

"Ililia kidogo," akasema Shigeki kwa sauti ya chini.

"Kidogo ndiyo mara ngapi?"

"Naho, tulidhani anataka taulo tu."

"Nani aliinuka?"

"Mwanamke akisahau taulo atakwenda kuichukua mwenyewe," mzee akasema. "Mume hainuki kwa kengele. Hebu punguza maneno, wanaingia ulingoni."

Ni hatua sita kutoka meza ile hadi bafuni. Nimezihesabu. Na kwa kuwa leo nasema, basi niseme yote: siku ile kengele mimi pia niliisikia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikajiambia mle ndani wapo wanaume wawili wazima, nikaendelea kuosha vyombo.

Kasisi wa hekaluni aliitwa. Alisoma sala zake mbele ya picha, kisha akaenda kusimama peke yake bafuni, akatoka uso umempauka. Aliwaambia kwamba huyu si mzimu wa kusomewa akaondoka. Anaita, na ataita mpaka aitikiwe. Siku ya yuzu, mzee aoge wa mwisho, kwenye maji yaliyokwisha kuogewa na mwanamke, amtaje mkewe kwa jina, amwombe radhi, na asugue hodhi kwa mikono yake. Zaidi ya yote, kengele ikilia ndani ya nyumba hii, mtu ainuke. Mzee alikubali kwa kuguna, kama mtu anayepewa dawa chungu.

Siku ikafika. Theluji ilikuwa imeziba uchochoro hadi magotini na giza lilikuwa limeshatanda. Shigeki akaoga, akatoka. Nahoko akaingia. Presha yake hushuka, na wanaume wote wawili walilijua hilo. Mara mbili mwaka ule alikuwa ameanguka jikoni mbele yao. Malimau matano yalielea kifuani pake. Alipotaka kusimama, taa ikawa nyeusi na miguu ikamwisha nguvu, naye akiteleza, kidevu kikigusa maji, mkono wake ukapapasa ukuta mpaka ukakipata kitufe chekundu, akabonyeza, akasikia kengele ikilia jikoni, karibu kabisa, akabonyeza tena, na kupitia ukuta ule mwembamba akamsikia mumewe, yule yule Shigeki aliyelia siku tatu juu ya jeneza la mama yake, akisema kwa uvivu:

"Anataka taulo tu."

Na mzee akacheka.

Maji yakaingia mdomoni, yakaingia puani, na Nahoko akajua kwamba anakufa hatua sita kutoka kwa watu wawili wanaokula machungwa, na kilichomjaa si woga bali hasira, hasira kubwa kuliko hodhi, kubwa kuliko nyumba, na ndani ya hasira ile ndipo mikono miwili iliyokunjamana kwa kukaa majini ilipompita chini ya makwapa ikitokea nyuma yake, pale ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa, ikamnyanyua kama mtoto mchanga na kumlaza juu ya vigae.

Alifika kwangu nywele zikiwa zimeganda barafu, koti juu ya ngozi tupu. Nilimfunika mablanketi, nikamwekea chai. Kwenye mikono yake, karibu na mabega, palikuwa na alama za vidole, na chumba kizima kilinukia yuzu. Alinieleza yote huku macho yake hayapepesi. Alisema alipokuwa akivaa viatu mlangoni, ile sauti ya mashine ilisema kwa adabu yake, "Tokuji, maji yako tayari." Hivyo hivyo, jina tupu. Na mzee akainuka kwenda, akinung'unika.

Hatukumaliza vikombe kabla kengele haijaanza upande wa pili.

Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilimngoja Shigeki. Nilisikia televisheni, umati ukishangilia mieleka, na sikusikia mlango wowote ukifunguliwa. Kengele ikalia mara ya nne. Mwaka mzima nilikuwa nimejiapiza kwamba ikirudi kulia vile nitavunja hata dirisha, basi nikashika ukingo wa meza, nikainuka.

Mkono wa Nahoko ukanikamata kifundo cha mkono. Ulikuwa umekunjamana, na bado ulikuwa unatiririka maji.

"Keti, Kayo," akasema. "Anataka taulo tu."