Mstari Usiolowa Mvua

Na ijulikane kwa wote, wa mabwenini na wa mjini, kwamba mwaka wa 1973 hapakuwa na mtu Bagamoyo aliyemshinda Mtoro Rajabu wa Kidato cha Tatu kwa kusema Kiingereza. Tangazo hili lilitolewa saa kumi na mbili asubuhi kwenye bomba la shule, na mtangazaji alikuwa Mtoro mwenyewe, mdomo umejaa dawa ya meno. Waliolisikia walikuwa wawili: Alawi, rafiki yake, na kuku wa mpishi. Kuku aliondoka.

"Umemaliza?" Alawi aliuliza. "Nipishe nijaze ndoo."

Siku nyingine yoyote Mtoro angemjibu, kisha wangefagia uwanja, wakanywa uji na kuingia darasani. Lakini Jumamosi hiyo alikuwa na jambo zito. Mwalimu Sharifu, aliyewafundisha Kiingereza, alikuwa amewaagiza wachunguze kazi moja ya watu wa pale, wawili wawili, kwa siku kumi na nne. Baadaye kila jozi ingesimama mbele ya watu na kueleza uchunguzi wake kwa Kiingereza, dakika kumi tu. Jozi bora ingekwenda Dar es Salaam kusema mbele ya shule nyingine. Mtoro alikuwa amekwisha kupiga pasi shati la safari.

Mpangilio waliufundishwa wakaukariri kama jedwali la kuzidisha: sema swali lako, sema ulivyolitafutia jibu, sema ulichokiona, sema maana yake, kisha ukae.

Mtoro na Alawi walichagua chumvi ya Nunge. Huko maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa ya udongo, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Walichomeka kijiti chenye alama za rula katika bwawa la Bi Mwaija, mmoja wa wavuna chumvi wa huko, ili kila asubuhi wasome maji yamepungua kiasi gani. Wiki ya kwanza ilikuwa ya Alawi, ya pili ya Mtoro. Wiki zote mbili zilipita salama, na daftari likajaa.

Kilichobaki ni kuandika, na hapo ndipo Mtoro alipoanza kuzeeka kabla ya wakati. Alawi alipewa utangulizi. Alirudi na kurasa nne za maamkizi.

Mtoro alisoma kwa sauti iliyochoka. Humo walisalimiwa mkuu wa shule, walimu, wageni, viranja, wapishi, walinzi, na marehemu wote waliopata kufundisha pale.

"Alawi, haya ni mazungumzo ya dakika kumi au maulidi?"

"Utaingiaje kwa watu bila kupiga hodi?"

"Hodi ya kurasa nne?"

"Watu wenyewe wengi."

Mtoro alimrudishia. Jioni Alawi alileta kurasa tatu. Marehemu walikuwa wamepunguzwa, lakini wapishi walikuwa wameongezewa heshima. Mtoro alijishika kichwa.

"Na huku chini unamshukuru Bi Mwaija kwa mhogo?"

"Alinipa mhogo. Nilipita kumsalimu wiki ya pili, akanikaribisha kibandani, maana siku ile—"

"Hayo ni mambo ya tumbo, ndugu yangu. Mimi nazungumzia elimu."

Akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaufuta ukurasa wa tatu wote bila kuusoma hadi mwisho. Alawi aliukunja, akautia mfukoni.

Saa nne ya Jumamosi ile darasa lilijaa. Bi Mwaija naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi la mbele na kanga yake ya heshima, kwa kuwa Mwalimu Sharifu aliamini kwamba mtu akichunguzwa ana haki ya kusikia kilichoonekana.

"Shikamoo, bibi," wavulana walisema.

"Marahaba, wanangu. Haya, tuambieni chumvi yetu inasema nini kwa Kizungu."

Mtoro alitoa maamkizi ya sentensi moja, safi kama kisu. Akasema swali, akasema njia. Kisha akakunjua karatasi kubwa. Mstari mweusi ulishuka kutoka siku ya kwanza hadi ya kumi na nne, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Akamaliza dakika ya tisa. Walimpigia makofi, na kwa mbali Mtoro alikwisha kuiona Dar es Salaam.

Mwalimu Sharifu alimfasiria Bi Mwaija: mstari ule ni maji ya bwawa lake, yakipungua.

Bi Mwaija aliutazama sana. "Yalipungua kila siku?"

"Kila siku, bibi," Mtoro alijibu.

"Na ile mvua?"

"Mvua ipi?"

"Ya Jumatano na Alhamisi, wiki iliyopita. Bwawa lilifurika, tukaanza upya. Huyu mwenzako alijificha kibandani kwangu, akanimalizia mhogo."

Mvua ya pwani hunyesha huku ikaacha kule. Shuleni halikuwa limeanguka hata tone.

"Alawi," Mwalimu Sharifu alisema, "hukumwambia mwenzako?"

"Nilimwandikia, mwalimu. Ukurasa wa tatu."

Akautoa mfukoni. Mwalimu akausoma chini ya wino mwekundu: tunamshukuru Bi Mwaija kwa mhogo, na kwa kunisitiri siku mbili za mvua iliyojaza bwawa.

Mtoro alitamani kumfuata yule kuku wa asubuhi.

"Mpangilio wako ni mzuri, Mtoro," mwalimu alisema taratibu. "Lakini mpangilio ni sahani. Wageni hawashibi sahani. Ukipakua kitu ambacho hukukipika, mwenye jiko atakujua kwa tonge la kwanza. Dar watakwenda wengine."

"Kijiti bado kipo," Bi Mwaija alisema. "Kesho njoo mapema, uvae na kofia."

"Sasa tuanze upya," mwalimu alisema. "Mpangilio uleule, na Kiingereza kilekile."

Mtoro alisimama. Kwanza alimwamkia Bi Mwaija, akamwomba radhi. Akamwomba radhi Alawi. Akawaomba radhi walimu, viranja, na hata wapishi. Hakuna aliyesema maamkizi ni marefu.

"Swali letu," alisema kwa Kiingereza kisicho na kosa, "lilikuwa maji hupungua kiasi gani kwa siku. Njia yangu: siku ya kwanza nilikwenda Nunge, nikaona jua kali, nikarudi. Siku sita zilizobaki nililala kitandani, nikatunga namba. Nilichokiona ni dari ya bweni."

Akaikunja ile karatasi kubwa.

"Maana yake ni kwamba nilidanganya."

Kisha akakaa.