Isale Kwenye Gia

Ilianza Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Nilikuwa nikitazama saa ya dashibodi gia ilipogoma.

Nilikuwa Mwika, uani kwa shangazi Dominika, nikitaka kuteremka Moshi na mkungu wa ndizi alionipa. Kigari changu ni cha otomatiki. Injini iliwaka vizuri. Nilikanyaga breki kama inavyotakiwa. Lakini gia ilikataa kutoka kwenye P, ya kuegesha.

“Digrii mbili, na gari limekushinda!” Fabian, mtoto wa shangazi, alicheka. Alisimama nyuma, kati ya gari na ukuta wa mawe wa zizi, anielekeze kurudi.

Nilimpigia fundi Sifael wa Majengo.

“Kando ya gia kuna kitundu, dada Evelyn. Chomeka kitu chembamba, kigumu. Bonyeza, halafu vuta gia.”

Sikuwa na bisibisi. Nilishuka, nikavunja kijiti cha isale chenye jani moja kwenye masale yaliyoota chini ya migomba. Masale ndiyo mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo. Kwangu ilikuwa kama kuvunja kijiti cha ua. Nikarudi kwenye kiti, nikakichomeka.

Tak.

Gia ikaruka hadi R.

Sikuwa nimeigusa.

Gari lilirudi nyuma kwa kishindo, na mguu wangu ungali kwenye breki. Nilisikia mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjwa gotini. Kisha Fabian akapiga yowe.

Niliishika gia kwa mikono miwili. Ikanipiga. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikunjika upande usio wao. Gia ikaenda D; gari likasogea mbele hatua mbili... Ikarudi R.

Kishindo.

D.

R.

Kishindo.

Nilichomoa ufunguo. Injini iliendelea kuunguruma. Ndani kulijaa harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo refu. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye kioo cha nyuma.

“Mama...” Fabian aliita. Sauti ilikuwa inakwisha.

Shangazi alitoka jikoni mbio. Alimwona mwanawe, akapiga ukunga, kisha macho yake yakatua kwenye kile kijiti.

“Umekivunja wapi?”

“Pale mpakani, shangazi!”

“Pale si mpaka! Pale amelala Mzee Elimringi, kaka wa babu yako. Hilo ni isale la kichwani kwake!”

Gari likasogea mbele tena. Nilijua kinachofuata.

“Lichomoe! Ulipige fundo, umpe! Omba msamaha!”

Kila Mchagga anajua kwamba mkosaji hupeleka isale lenye fundo. Lakini hulipeleka kwa mtu aliye hai. Nilichomoa kijiti, nikafunga jani lake kwa meno na vidole vilivyobaki, nikalinyoosha nje ya dirisha, kwenye giza la migomba.

“Nisamehe,” nilinong’ona. “Mwache Fabian.”

Hakukuwa na upepo.

Kitu kikalipokea. Polepole, kama mzee anavyopokea kwa adabu. Ngozi yake ilikuwa baridi na kavu.

Injini ikazima.

Majirani walimpakia Fabian kwenye pikapu, tukamkimbiza hospitali. Miguu yote miwili ilikuwa imevunjika, na nyonga. Daktari alisema angechelewa nusu saa tu, tungemzika.

Alfajiri alifumbua macho. Nilisogea nimshike mkono. Akauvuta haraka.

“Usinisogelee.”

“Fabian, ni mimi. Ilikuwa gia...”

“Nilikuona kwenye kioo cha pembeni,” alisema. “Kila uliponigonga, ulikuwa unaniangalia. Ulikuwa unacheka, Evelyn.”

Saa mbili kasoro asubuhi Sifael alipiga simu kutoka Mwika. Alikuwa ameshafungua gari.

“Waya wa kutoka kwenye gia kwenda gia boksi umekatika, na pale ulipokatikia pana kutu. Hata ungevuta gia mpaka kesho, gari hili lisingetoka P. Aliliendesha nani?”

Nilikata simu. Nilitembea hadi kituo cha polisi, vidole vyangu vikiwa kwenye plasta. Askari alinisukumia karatasi ya maelezo. Nilitaka kuandika habari za isale, kaburi na waya. Kisha nikayakumbuka macho ya Fabian.

Kwenye nafasi ya dereva niliandika jina langu, majina yote matatu.