Ukuta Uliochunwa

Wapangaji walimwita Mzee Rangi, na jina likamkaa. Mtu akilalamika kwamba ukuta una unyevu, mwenye nyumba huyu anakuja na kopo na brashi, anapiga mluzi, anapaka, basi. "Umependeza, haujapendeza?" Chumba cha nyuma ndicho kilichokula rangi nyingi zaidi, maana hakuna mpangaji aliyedumu humo. Akitoka mmoja anakohoa, rangi mpya, anaingia mwingine.

Na alijua. Alijua vizuri sana! Bibi aliyemuuzia kiwanja alimwambia kinagaubaga: pale nyuma palikuwa na shimo la kulowekea ngozi, dawa kali zimemwagwa miaka nenda miaka rudi, udongo wote umeingia sumu.

"Na mume wangu alitumbukia humo," bibi akaongeza. "Alikuwa fundi viatu. Hatukumpata hata kidole. Paache wazi, mwanangu. Usijenge."

Mzee Rangi akaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Bibi alipogeuka tu, akajaza kifusi, akamwaga zege, akasimamisha chumba. Nafasi yote ile aiache bure? Thubutu!

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine, jua kali, yeye anakunywa chai kwake. Mkewe akasema, "Binti yako nimempa ufunguo wa chumba cha nyuma. Mumewe yuko safarini, na mimba ndiyo hiyo imefika mwisho, nataka awe karibu. Amehamia jana."

Kikombe kilimponyoka.

"Amelala humo?"

"Si umekipaka rangi juzi? Mwenyewe amekisifu."

Angesema nini? Kwamba chumba anachowapangisha watoto wa wenzake hakimfai wa kwake? Alitoka mbio, ndala moja ikabaki njiani.

Mlango ulikuwa wazi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya tumbo, anautazama ukuta.

"Baba," alinong'ona. "Nani anafanya kazi huko nyuma?"

"Wapi?"

"Sikiliza."

Krrr. Kimya. Krrr. Kisu kinakwangua, taratibu, bila haraka.

"Ameanza asubuhi. Nilidhani ni jirani."

Hakukuwa na jirani. Nyuma ya ukuta ule ni uwanja mtupu.

Kisha rangi ikaanza kubanduka. Haikupukutika. Ilichunika, kutoka juu kushuka chini, kipande kimoja kizima. Rangi ya krimu. Chini yake, kijani. Nayo ikachunika. Chini yake buluu, ile aliyoanza nayo kabisa. Nayo pia. Kila kipande kilitua sakafuni, kikajikunja vizuri. Chumba kikanuka ngozi mbichi.

Binti alishika tumbo. "Baba. Mtoto amegeuka. Amegeukia ukutani."

"Twende!"

"Begi la mtoto..."

"Achana nalo! Twende mama, twende!"

Njiani alimweleza yote, huku analia. Aibu ilimuunguza kuliko lile jua. Binti aligeuzia uso pembeni.

Kesho yake Mzee Rangi alirudi na nyundo. Akatoa begi la mtoto bila kulifungua, akalipeleka nyumbani. Vile vipande vya rangi hakuviona sakafuni, wala hakuvitafuta. Akabomoa chumba mwenyewe, akafunga kisima cha uani kilichochimbwa kwenye udongo uleule, akawakusanya wapangaji akawaambia kweli yote. Walimtukana hadi akakosa pa kuweka uso. Akakubali, alistahili.

Wiki hiyohiyo mjukuu akazaliwa. Mzima wa afya, na kelele zake nyumba nzima! Mzee Rangi alicheka huku machozi yanamtoka. Hata binti yake alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akatabasamu kidogo. Mzee alijiona ameponea chupuchupu.

Mkewe alifungua begi atoe nguo.

"Jamani mume wangu, hivi viatu umenunua wewe? Vizuri hivi!"

Vilikuwa viwili, vidogo, vimeshonwa kwa mkono. Nje krimu. Katikati kijani. Ndani buluu.

Mzee Rangi alinyoosha mkono avichukue. Mkewe alikuwa ameshamvisha mtoto kimoja, na kilimwenea barabara.

"Ajabu," mkewe alisema, akijifuta vidole. "Bado ni kibichi."